Kisu, Si Kiti

Mara ya kwanza kushuka Tchomia, kwa wavuvi wa ziwani, nilivaa suruali nyeupe. Nimeshajicheka, huna haja ya kunisaidia. Nilikuwa mwanafunzi, mtoto wa Bunia, na nilijua kwamba mgeni akifika huvutiwa kiti na kuulizwa habari za safari. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alinitazama toka juu hadi chini, akanipa kisu.

"Kamata," alisema. "Samaki iko pale."

Niliudhika sana. Nilichutama kando ya wanawake waliokuwa wakipasua tilapia wa kukausha kwa moshi, nikajikata kidole kabla sijamkata samaki. Walicheka. Hakuna aliyenipa pole.

Ilinichukua likizo tatu kuelewa. Pale Tchomia kiti ni cha mtu wasiyemtaka. Anayekuja kuuliza vibali vya mitumbwi hupewa kiti kizuri kabisa, kilichopanguswa vumbi kwa kitenge, kisha hakuna anayemwambia jambo la maana mpaka aondoke. Kisu hupewa mtu wa nyumbani.

Tangu hapo nikirudi Bunia nilinuka moshi. Nilipoanza kazi ofisini, mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa akifungua dirisha. Mwanzoni nilifua nguo mara mbili. Siku hizi namfungulia mwenyewe.

Mwaka huu mchumba wangu alikuja na ujumbe wa mama yake.

"Mama anasema, siku ya dot, shangazi yako abakie kwanza kule Tchomia. Tutatafuta mama moya wa hapa Bunia, mwenye anajua Kifaransa muzuri. Juu ya photo."

"Juu ya photo?"

"Na ile harufu."

Kwetu siku ya dot, baba akiwa hayupo, dada yake ndiye anayepokea mahari na kusema neno. Shangazi hakodishwi kama viti vya plastiki. Nilisikia hasira mpaka masikio yakawaka.

"Ambia mama yako," nilimjibu, "kama shangazi hayuko, hata miye siko."

Akadhani natania. Nikavua pete, nikaiweka mezani mbele yake.

Baada ya juma moja alirudi, pete mfukoni. Mama yake amekubali, alisema. Nikamwambia pete ikae kwanza humo humo mfukoni, nitaona kwa macho yangu.

Siku ikafika. Shangazi alipanda kutoka ziwani asubuhi kwa pikipiki, kitenge chake kikinuka moshi vilevile, na beseni la tilapia wabichi mapajani. Sikuwa nimemwambia lolote, ila Tchomia habari hazihitaji mtu wa kuzipeleka. Wakwe waliingia uani wakiwa wamependeza. Mama wa mchumba wangu alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichopambwa kwa ajili yake.

Kabla hajakaa, shangazi aliweka beseni chini kati yao, akamnyooshea kisu, mpini mbele.

"Mukwe, kamata. Tupasue siye wawili."

Mpiga picha alishusha kamera. Mimi nilikuwa nautazama mkono mmoja tu, ule wa mama mkwe ulioshika mkoba, na nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Ungebaki pale kwenye mkoba, ningeshuka Tchomia na shangazi yangu siku ileile, na nguo yangu ya sherehe mwilini, na sijui kama ningelia.

Mama yule aliwatazama watu wake. Kisha akampa dada yake mkoba, akakunja mikono ya gauni, akachutama. Alikishika kisu karibu mno na makali.

"Haiko vile, mukwe," shangazi alisema. "Kamata huku nyuma. Utajikata."

Alijikata. Shangazi alicheka, wala hakumpa pole. Nikavaa kiatu changu, nikamnyooshea mchumba wangu kidole cha pete.