Mgongo wa Mjomba Arvil

Mjomba wangu, Arvil Sizemore, alichimba makaa ya mawe tangu ujana wake, katika mgodi ambao dari lake lilimfika kiunoni. Mgodi ulipofungwa akatoka humo na mgongo uliopinda kama mpini wa mwavuli, na hakuna aliyeujali. Kisha ikafunguliwa shule mpya ya udaktari pale kilipokuwa kiwanda cha magodoro. Vijana wa shule hiyo wanafundishwa kutibu kwa dawa na kwa mikono pia, halafu wabaki huku huku milimani, maana daktari wetu wa mwisho alishahama. Wakatafuta migongo ya kujifunzia. Mjomba akapeleka wake.

"Mgongo kama huu sijauona Kentucky nzima," alisema mwalimu wao, Dokta Pruitt.

Maneno hayo tuliyasikia nyumbani mpaka maharage yakapoa mezani.

Kila Jumanne nilimpeleka kwa gari. Akiingia tu, makoti meupe yanamzunguka: "Profesa kaja! Profesa, leo zamu yangu!" Basi na yeye anavua shati taratibu, kama bwana harusi.

Balaa lilikuwa Keziah Stidham, binti wa bonde la pili, mwanafunzi mwenye mikono ya moto. Wenzake walipapasa wakaenda kula. Yeye alikanda, akasukuma, akampa na mazoezi. Theluji ilipoyeyuka, Mjomba akawa anafikia rafu ya juu jikoni.

"Arvil, umerefuka!" mkewe, Oma, akashangaa.

"Punguza sauti, mwanamke!"

Alishajua. Mgongo ukinyooka, Jumanne zimekwisha. Akaanza kulala kwenye kochi lenye springi iliyovunjika. Ndoo ya makaa akaibeba kwa mkono mmoja tu, ule ule.

"Unafanya nini wewe?" Oma akamuuliza.

"Najitunza."

Siku ya mtihani ikafika. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, nikaketi karibu nao. Mwanafunzi wa kwanza alimgusa kidogo, akasema nyonga ya kulia imepanda. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu alisema hivyo kabla hajafika kitandani. Wote walikuwa wameukariri mgongo ule tangu mwaka jana.

"Safi sana, kijana," Mjomba akawa anawasifu.

Akaja Keziah. Alipapasa, akafumba macho, akapapasa tena.

"Dokta, hapa hakuna kitu."

"Kipo, binti," Mjomba akamnong'oneza. "Kitafute vizuri."

"Mzee Arvil, umenyooka."

"Nani kanyooka? Usinitukane mbele ya mwalimu wako!"

Dokta Pruitt akaja kupapasa mwenyewe. Akawageukia wale watatu. "Nyinyi mtarudia mtihani. Keziah amefaulu. Na wewe Mzee Arvil, hongera, umepona! Itabidi tutafute mgongo mwingine."

Mjomba hakulichukua shati lake. Alikaa pale pale, miguu ikining'inia.

"Kwa hiyo Jumanne ndiyo basi?"

"Dokta, mgonjwa wangu bado sijamaliza naye," Keziah akasema, akaketi kando yake. "Mzee Arvil, Jumanne zikiisha utakuwa unafanya nini?"

"Nitamtazama Oma. Na Oma atanitazama mimi."

Watu wakacheka. Keziah hakucheka, wala Mjomba. Akawa anaitazama sakafu, halafu ghafla akainama na kupandisha mguu wa suruali.

"Hebu niambie, binti. Hapa mnafundisha na magoti?"

Akalikunja goti lake. Likaalika kama kuni kavu, mpaka mimi mlangoni nikalisikia. Dokta Pruitt akaweka kalamu chini.

"Likunje tena," akasema, akasogea. "Taratibu. Haya, vijana, njooni msikie hili."

Njia nzima ya kurudi Mjomba alinikaripia.

"Wewe, endesha polepole! Mashimo haya yasije yakaninyoosha na goti."