Mshambuliaji wa Nduta

Fundi wa seva wa shirika moja mjini Kibondo huanza kazi kwa kuzifuta vumbi seva zake mbili kwa leso, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi. Ukuta wa ulinzi wa mtandao ndio unaozigawia seva hizo watu wanaotafuta kwa simu tarehe ya mgao wa chakula, na anayebisha hodi kupita kiasi humfungia nje. Kila asubuhi fundi humwambia Shadia wa mapokezi, kwa sauti ya chini yenye majivuno, "Nimemzuia tena yule mshambuliaji wa Nduta." Shadia ameeleza mpaka koo limemkauka: kambi nzima ya wakimbizi ya Nduta hutokea kwenye anwani moja ya mtandao, basi ukuta unawaona wote kuwa mtu mmoja. "Ukuta haukosei, dada," hujibu fundi, na leso inaendelea kung'arisha seva zisizo na mgeni.

Jana mama mmoja alifika kutoka kambini kwa miguu, mtoto mgongoni, kuuliza tarehe ambayo simu ilimnyima. Shadia akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja chumba cha seva.

"Mshambuliaji wako huyu hapa," akasema. "Mpe kiti."

Fundi akainuka, akatoa leso, akaanza kukifuta kile kiti, taratibu, mama wa watu kasimama.