Mume wa Wegesa Kwenye Benchi la Wanaume

"Inauma?"

Nilimuuliza hivyo Mama Irine nikiwa bado sijaanza shule. Alikuwa anaoga, akaniita nimpelekee sabuni, nikaona mstari umekatiza chini ya kitovu chake. Alinirushia maji nikakimbia. Jibu sikupata.

Mama Irine ndiye Wegesa, jirani yetu hapa Nkende. Asubuhi anakaanga maandazi barazani, ana sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili, na mume wake ni Bibi Veneranda. Ndiyo, bibi! Kwetu Wakurya, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto wakizaliwa ni wa huyo aliyeoa, na mwanamume aliyewazaa haulizwi. Wageni waliokuja kuchimba dhahabu unaweza kuwaeleza mpaka jua lizame, bado watauliza, "Sasa baba yuko wapi?"

Irine alizaliwa kwa upasuaji. Rose naye hivyohivyo, ila safari hiyo Wegesa alikawia nyumbani mpaka uchungu ukachanganya, akafikishwa hospitali kwa pikipiki, na Rose akatoka kimya. Manesi walihangaika naye kabla hajalia. Ukimsikia leo anavyopiga kelele huwezi kuamini.

Mwaka huu ikaja mimba ya tatu, na Wegesa akaapa hakatwi tena. Wanawake wa bombani walikuwa wamemchosha. "Huyu hazai, anafunguliwa kama begi!" Wanacheka, yeye anajaza ndoo yake.

"Safari hii nasukuma," alisema akigeuza maandazi. "Nitakaa hapahapa mpaka kichwa kionekane. Waone!"

Ndipo akaja Huruma, dada mtafiti anayezunguka Tarime na Serengeti akiwahoji kina mama waliojifungua kwa upasuaji zaidi ya mara moja: hali zao zilikuwaje baadaye, na watoto wao je. Mimi nilijibanza karibu na karai, masikio nje.

"Mume wako anafanya kazi gani?" Huruma akauliza.

"Anapepeta ulezi. Si huyo nyuma yako?"

Huruma akageuka. Bibi Veneranda akaweka ungo magotini, akajikohoza kama mzee wa ukoo. "Karibu mgeni. Mke wangu muulize tu, ila usimchoshe."

"Shikamoo... baba?"

Tulikufa! Hata Huruma alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaendelea na maswali yake.

"Mara ya pili, ulipochelewa, walikuambia kovu la ndani lilianza kuachia?"

Wegesa akainamia karai. Bibi ndiye aliyedakia. "Kovu la ndani lipi?"

"La mfuko wa uzazi, bibi. Uchungu ukilivuta sana linaweza kuchanika. Ndiyo maana aliyepasuliwa mara mbili huambiwa asisubiri uchungu. Anapangiwa siku, anakuja mapema."

"Na likichanika?"

"Damu inamwagika ndani. Tunaweza kumkosa mama, tukamkosa na mtoto."

Andazi likaungua. Wegesa alikuwa analitazama tu.

"Ulilijua hili?" Bibi akamuuliza.

"Manesi walisema."

"Na mimi mumeo hukuniambia?"

"Ungenipeleka."

"Naam! Na kesho nakupeleka ukapangiwe siku. Hao wa bombani wakitaka kuona mtu anasukuma, waende mpakani Sirari wakasukume malori!"

Wegesa alibisha, akanuna, akasusa ugali. Lakini siku ilipofika alipanda bajaji mwenyewe, Bibi pembeni yake ndani ya koti la marehemu mume wake. Mimi na mama tulifuata nyuma na beseni.

Tulipofika, Wegesa alishaingizwa chumba cha upasuaji. Mlinzi alikuwa amesema wanaume wakae kwenye benchi la ukutani, ndugu wa kike wasogee karibu na mlango. Basi tukamkuta Bibi kwenye benchi la wanaume, katikati kabisa, mikono juu ya fimbo. Wanaume wamesogea kumpisha, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nesi akatoka. "Ndugu wa kike wa Wegesa!"

Bibi akabaki ameketi.

"Jamani, Wegesa hana ndugu? Bibi, si wewe uliyekuja naye?"

"Mimi ni mume. Mmesema wanaume tukae hapa, nimekaa." Akajivuta mbele juu ya fimbo. "Niambie, mke wangu anapumua?"

Nesi akamtazama, akatutazama sisi. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

"Anapumua, mzee. Tena ameuliza kama umekunywa chai."

"Na mtoto?"

Mtoto akajijibia mwenyewe kutoka ndani, yowe hilo! "Wa kike," nesi akasema. Mwanamume mmoja akamgusa Bibi begani. "Pole, mzee."

"Pole ya nini?" Bibi alishasimama. "Wapo wote wawili, halafu unanipa pole?"

Kesho yake nilipotoka shule nikapeleka uji wodini. Bibi alikuwa amempakata mtoto, anahutubia vitanda vyote.

"Huyu haolewi. Huyu ataoa! Nimeshaanza kumtafutia mke, mwenye binti mzuri aseme mapema!"

Wodi nzima ikalipuka. Wegesa alishika tumbo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, mabega yanaruka.

"Mama Irine," nikamwinamia, "inauma?"

"Nikicheka tu!" akasema, machozi yanamtoka. "Mtoe huyo mume wangu nje!"