Kidole cha Shahada

Mwaka ule sie tulikula yanga. Unga wa njano wa msaada, ugali wake ukiupakua sinia zima linawaka kama kiini cha yai. Asubuhi uji wa yanga, jioni ugali wa yanga, na mtu akilala anaota sembe nyeupe. Nakumbuka siku moja ya mwaka huo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nainuka nilipokaa, naenda mpaka mlangoni, narudi. Hapa tu nimeshainuka mara mbili.

Nilikuwa binti, mzuri, na uzuri wenyewe naujua. Sokoni Tandale alikuwepo muuza unga tukimwita Chaurembo. Akapata gunia la sembe, nyeupe kwa macho, lakini imevunda kwa kukaa stoo. Enzi zile hununui unga hujauonja: unachovya kidole, unalamba, ndipo unafungua pindo la khanga. Chaurembo akatangaza, "Unga mchache, watu wengi, sitaki kila mtu anitilie mkono! Anaonja mmoja, awaambie wenzake." Huyo mmoja ni mie, nimesimama kama mteja. Ujira wangu kipande cha sabuni ya mche, maana sabuni nayo ilikuwa imeadimika, tunafulia majani ya mpapai.

Basi nachovya kidole cha shahada, nalamba cha kati. Chenye unga nakifutia khanga kiunoni. "Jamani, mtamu! Kama umetoka kinuni sasa hivi!" Watu wakasukumana.

Aliyenisikia ni jirani yetu Bi Mwanahawa, mtu mzima, mpishi wa shughuli zote za mtaani. Mumewe alikuwa kitandani, yanga haimpiti kooni, kila siku anaomba tonge la ugali mweupe. Bi Mwanahawa akanunua. Hakuonja, mwanangu. Aliniamini mie.

Kesho yake adhuhuri akaniita. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Mtu mzima kumnawisha mtoto, nikajua leo nimepatikana. Akafunua ugali, mweupe pee.

"Kula sifa zako," akasema.

Tonge la kwanza lilinuka gunia lililolala mvuani. La pili likakataa kushuka.

"Nisamehe, bi mkubwa."

"Nionyeshe kidole ulicholamba."

Nikamwonyesha.

"Na ulichochovya?"

Nikakificha chini ya khanga. Akakitoa, akakishika, wala hakukiminya. "Hiki ndicho unachokiinua kwenye swala ukimshuhudia Mola wako. Jana umekituma sokoni kikaseme uongo. Mume wangu katema tonge, kageukia ukutani. Ulimi, binti, ulipewa wa kuonja kwanza, wa kusema baadaye. Usiugeuze."

Yule mzee hakuomba tena ugali mweupe. Alikufa sembe haijarudi madukani.

Sasa sikia kwa nini nakwambia leo. Mjukuu wangu Rehema, niliyemlea kwa mikono hii, ana kipindi chake mtandaoni. Anakaa na wakuu wa masoko na matangazo anawahoji: watu siku hizi wanasikiliza nini, wanatazama nini, tangazo la kesho litakuwaje. Mtoto anajua kuuliza huyo! Najivuna naye mpaka majirani wakiniona wanageuza njia. Lakini kipindi kinakufa, hakina mdhamini. Ndipo mkurugenzi mmoja wa matangazo akamwambia atamdhamini. Ila ana viungo vya pilau vya pakiti anavitangaza, na anamtaka bibi wa kuvisifia.

Akatoka ofisini kwake Kawe mpaka kwangu Tandale, viatu vikakanyaga tope na hakununa. Kijana ana adabu, shikamoo yake imenyooka. Nikawapikia chai. Rehema akamhoji pale pale sebuleni, mie nasikiliza.

"Redio inasikika, televisheni inaonekana," akasema, "lakini anayeaminika ni mtu wa kawaida kwenye simu. Siku hizi watu hawanunui bidhaa, wananunua mtu."

"Ee! Mtu tena?" nikamkatiza. "Si hiyo biashara ilipigwa marufuku zamani?"

Wakacheka. Nikamkumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakubabaika. "Bibi, siku hizi kizuri nacho kisipojitembeza kinaozea dukani." Hapo alinipata. Hata mie nilipokuwa nauzaga vitumbua, nilikuwa naita wateja mpaka sauti inakauka.

Kisha akanipa karatasi. Niseme: tangu ujana wangu, pilau langu ni pakiti hii. Pakiti yenyewe imeingia madukani juzi juzi! Na pilau la kwenye picha nilipike kwa viungo vyangu vya kutwanga, maana eti rangi yake inapendeza zaidi.

"Niachie pakiti," nikasema. "Nipike nayo mwezi mzima, halafu nitasema nilichokiona."

"Tangazo linaanza Jumatatu, bibi. Wala huna haja ya kuonja, picha tutaikata hapo. Tunachotaka ni ushuhuda wako tu. Na sura yako tunaiweka kwenye bango barabarani, kubwa kuliko nyumba hii."

Nisikudanganye: nilitaka. Nilijiona kule juu, na wenzangu wa mtaani wameinua shingo kama bata. Lakini aliposema ushuhuda, kidole kikaniwasha. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Sijala, sisemi. Kama ni chai, ipo."

Akanywa, akaaga vizuri. Rehema hakuaga. "Bibi, umeniua," akasema, akavuta mlango. Siku nne simu yake inaita haipokelewi, na mie chakula nakipika nakifunika.

Basi, mwanangu, wewe unayeishika simu ukasema hii naitumia kila siku: nadi. Kunadi si dhambi. Piga kelele, cheza ukitaka, jipambe ung'ae. Lakini onja kwanza, na kidole unachochovya kiwe ndicho unacholamba. Anayekuamini humjui, huenda ana mgonjwa ndani anayesubiri tonge hilo hilo. Ukiambiwa hakuna muda wa kuonja, jua anayekuharakisha ladha yake anaijua. Na usidhani kukataa kunakupa raha. Mie nimekataa na usingizi sina. Mungu akupe riziki usiyoifichia mkono, akupe watu wa kukuamini, na siku ya kuchagua akupe miguu ya kusimamia, hata ikitetemeka.

Leo asubuhi Rehema kaja. Kasimama mlangoni na macho yamevimba, mkoba hajautua begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama yangu. Pita."

"Sipiti. Wamenipa mpaka saa sita mchana. Sentensi moja tu, bibi. Usimfanyie yeye. Nifanyie mie."

Hajawahi kuniomba kitu nikamnyima, tangu meno ya utotoni. Nikamtua mkoba mwenyewe, nikamvutia kigoda.

"Sijala, sisemi. Kama ni chai, ipo."