Mamba wa Kitabu cha Pili

Moshi wa maganda ya korosho ukinipiga puani, hata leo, namsikia Mjomba Hamisi akitangaza barazani kwetu Msimbati: "Huyu? Kitabu kizima hamalizi. Akimaliza, nanyoa ndevu!" Ndevu zake sikuzidai. Lakini stashahada niliyorudi nayo nimeitundika sebuleni, na mjomba akija kunywa chai anawekewa kiti kinachoitazama.

Nilianza kumwaibisha nikiwa darasa la nne. Mwalimu wetu, mtu wa bara, aliniazima kitabu cha hadithi ya kijana Sadala aliyevuka mto kumtafuta baba yake huku mamba akimfuata. Nilikimaliza kwa siku tatu. Kisha nikawasomea wenzangu nyuma ya jiko la bibi, tukikaanga korosho kwenye bati lililotobolewa, mafuta ya maganda yakitubabua vidole. Kitabu kiliishia Sadala yumo majini, mkono mmoja umeshika mtumbwi, mamba kafumbua kinywa. Wiki nzima hakuna mtoto aliyethubutu kuoga mtoni.

Mwalimu alipotuambia kitabu cha pili kimefika dukani Chikongola, mjini, nilipanda juu ya kinu nikatangaza kwamba kitakishinda cha kwanza. Nani alikuwa ameniuliza? Hata hivyo wenzangu sita walinikopesha, kila mmoja kikombe cha korosho zilizobanguliwa. Dereva wa lori akaenda kuziuza, akaniletea kitabu.

Nilikisoma kwanza peke yangu. Sadala alikuwa sasa karani wa ghala, ana kitambi. Mamba alitajwa mara moja tu: alikwenda zake. Kurasa zote zilizobaki Sadala aliwahutubia wanakijiji juu ya kuchimba vyoo na kupanda mihogo kwa mistari. Sisi mihogo tulikuwa tunapanda bila kuhutubiwa.

Alasiri wenzangu walikaa wakinitazama mdomoni. Nikafungua kitabu, nikakohoa kisomi, nikaanza kusoma mambo ambayo hayakuandikwa. Mamba alimeza kasia. Sadala alimpanda mgongoni, wakaelekea kivuko cha Kilambo. Siku ya tatu, Somoe, binti wa fundi cherehani, ambaye tulidhani hajui kusoma kwa kuwa hakujisifu kama mimi, akaja kukaa nyuma yangu.

"Mbona hapo pameandikwa choo?"

"Choo gani?" akauliza Bakari, mkubwa wetu.

"Cha shimo. Sadala anakipima kina."

"Kumbe unatutungia!" Bakari akaruka. "Msomi wa uongo wewe, rudisha korosho zetu!"

Msimu mzima niliokota korosho shambani kwa bibi, nikakaanga, nikabangua mpaka vidole vikaambuka ngozi. Mjomba Hamisi alipita akacheka: "Vipi, msomi? Kitabu kimekumaliza wewe?"

Miaka mingi baadaye, chuoni, nikiandika insha nisizozitaka, ndipo nilipomhurumia mwandishi yule. Huenda na yeye kuna mtu alisimama nyuma yake akimwambia aweke choo.

Siku ya kulipa deni lile la korosho nilipita nyumba kwa nyumba. Bakari alizitafuna mbili kuzijaribu, akanifuata njiani akihakikisha wenzake hawapunjwi. Wa mwisho alikuwa Somoe. Alikitazama kikombe, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mimi sijalipwa," alisema. "Walipofika Kilambo, yeye na yule mamba, ikawaje?"

Niligeuka. Bakari alikuwa ameshakaa chini.