Dakika Hamsini za Hamburg

Niliondoka nyumbani Ipyana nikiwa na hasira, na sioni haya kusema. Binti yangu Tupokigwe, aliyeolewa na Mjerumani huko Hamburg, alikuwa na mtoto wa miaka mitatu ambaye mjomba wake hajamwona hata siku moja. Mjomba huyo ni mwanangu Ambakisye, anaishi Kopenhagen. Kila nikimwuliza kwa barua, jibu ni lile lile: “Mama, kule ni mbali. Ni nchi nyingine.” Aliponitumia tiketi nikamtembelee, nikasema vyema, huo umbali nitauona kwa macho yangu.

Alfajiri nikapanda basi Kyela. Miaka hii ya ruksa, kila mwenye fedha ananunua lake, mabasi ni mengi, yanakimbizana kama yameiba. Tukapanda milima ya Tukuyu, tukapita Mbeya, tukapita Iringa. Nashuka Dar, jua limezama na miguu imevimba kama mihogo. Kisha ndege, saa nyingi mpaka nikasahau ni siku gani. Hiyo ndiyo mbali ninayoijua mimi.

Kopenhagen nilikaa siku nne. Siku ya tano nikamwambia twende kwa dada yako. Akajikuna kichwa.

“Mbali, mama.”

“Funga mzigo.”

Nikapika wali wa mchele wangu wa Kyela, nikachemsha na mayai sita. Nchi nyingine haiendewi na tumbo tupu.

Kesho yake saa nne asubuhi ndege ikaruka. Tukapewa soda. Sijafika nusu, dada wa ndege akaninyang'anya kikombe, ndege ikainamisha pua.

“Ambakisye, imeharibika? Tunarudi?”

“Hapana, mama. Tumefika.”

“Wapi?”

“Hamburg.” Alikuwa anatazama viatu vyake.

“Dakika ngapi?”

“Kama hamsini.”

Dakika hamsini! Mimi nikienda msibani Bujonde kwa miguu natumia zaidi ya hizo, na sijawahi kumwambia mfiwa kwamba kwake ni mbali. Kilomita zenyewe hazifiki mia tatu. Mbeya mpaka Iringa inazishinda! Mayai hata sijayafungua.

Mlangoni kwa Tupokigwe nilikumbatiwa mimi. “Ndaga, mama, ndaga,” akanishukuru kwa Kinyakyusa. Kaka yake alipewa mkono tu.

“Karibu, mgeni wa mbali.”

Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, akanong'ona Kijerumani.

“Anasemaje?” nikauliza.

“Anauliza kama huyu ndiye dereva aliyekuleta.”

Ambakisye akacheka peke yake. Nikamkalisha kitako.

“Leo utasema. Kisa nini?”

“Aliolewa bila kuniuliza. Mimi ndiye kaka mkubwa.”

“Akuulize! Ng'ombe wa mahari ungewafuga wapi, ghorofani?”

Tupokigwe akaziba mdomo, kicheko kikamponyoka. Kaka yake naye akashindwa.

Tulikaa siku tatu. Siku ya kurudi Kopenhagen mtoto alimshika mjomba suruali, akauliza atakuja tena lini.

“Ni mba…” Akanitazama, akalimeza. “Jumamosi.”

Sikuondoka Ulaya mpaka Jumamosi hiyo ilipopita, naye amekwenda Hamburg.

Sasa niko Ipyana, na nililojifunza ni hili: ndugu akikwambia kwake ni mbali, muulize dakika ngapi. Akikutajia majina ya nchi, mwambie hujauliza nchi.