Nilivyogombana na soko zima ili binti yangu auziwe nyanya badala ya kupewa bure

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Naahidi kitu kimoja tu: humu hakuna chai, ni ukweli mtupu. Mimi ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, hata chenji ninayorudishiwa na ndugu yangu wa damu, na uzi huu nimeupitia mara mbili pia kabla sijaubandika.

Juzi kuna mdau alikuja humu kulalamika. Alimpa hela mtoto mlemavu aliyekuwa na mama yake, mama akairudisha. Mdau akamwita huyo mama ana kiburi, na comments zikamuunga mkono.

Huyo mama simjui. Kiburi chake nakijua, kwa sababu na mimi ninacho, na nakumbuka nilikipatia wapi.

Turudi nyuma, miaka ile soko huria limeshika kasi Arusha. Kila mtu ana meza. Mzee aliyepunguzwa kiwandani anauza soksi, mwalimu anauza maandazi, na mwenye simu ya mkononi anaishika kama Biblia. Mimi nilikuwa na meza ya mitumba soko la Kilombero, tunaishi Elerai. Mama watoto aliajiriwa, saa zake zinajulikana. Mimi wa mezani ndiye niliyeweza kuzunguka na mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Nsia, binti yetu wa kwanza. Ana Down syndrome. Enzi hizo hatukuwa na hilo jina, tulikuwa na majina mengine ya mtaani ambayo siwezi kuyaandika hapa nikabaki na amani. Maneno yake yalikuwa machache, ila alikuwa anaelewa kuliko alivyokuwa anasema. Darasa lililokuwa linapokea watoto kama yeye lilikuwa limejaa, tukaambiwa tusubiri.

Tulipochoka kusubiri tukaingia kwenye kikundi cha wazazi.

Kilikuwa kinakutana kila Jumamosi kwenye ukumbi mdogo wa kanisa. Mikeka chini, mipira, viti vya mbao vya kuwakalisha ambao migongo haijakaza, na uji. Wamama watupu, baba ni mimi peke yangu. Walinipokea vizuri, wakanipa kazi ya kubeba maji.

Aliyekuwa anatuongoza ni dada mmoja kutoka Themi, amesomea kufundisha watoto wa aina hii. Sote tulimwita Mwalimu. Hakuwa anatubembeleza. Akikukuta unamlisha mtoto anayeweza kushika kijiko, anakunyang'anya kijiko.

Siku moja akasema, "Hawa watoto wanakua. Wafundishwe kununua. Baba Nsia, si wewe mtu wa sokoni? Wafundishe."

Wakuu, nilipandishwa cheo kutoka maji hadi uprofesa.

Nikapanga mafungu ya nyanya kwenye mkeka, nikakaa nyuma yake kama muuzaji mwenye roho mbaya. Somo la kwanza, usionyeshe umekipenda. La pili, shika, geuza, kunja uso. La tatu, sema "punguza". La nne, kama hapunguzi, ondoka zako, utaitwa.

Nsia alilipenda somo la nne kuliko yote. Shida yake ni kwamba alikuwa anaondoka kweli. Anatoka ukumbini, anavuka uwanja wa kanisa, tunamkuta getini na kikapu chake, anaangalia barabara.

"Nsia, ukiitwa unarudi!"

Ananiangalia kama vile mimi ndiye nisiyejua biashara.

Sasa, kwa mazoezi ya kweli hatukwenda Kilombero. Pale wote ni washikaji zangu, wangemfanyia maigizo. Tukachagua gulio moja njia ya Ngaramtoni. Jina naliacha, wengine bado wanauza pale. Mwenzetu mmoja, Mama Naserian, alikuwa anauza maziwa hapohapo. Ni mama wa Kiarusha kutoka juu kidogo, upande wa mlimani, mwenye ng'ombe wachache na shamba la mahindi. Kijana wake mdogo, Lomayani, alikuwa hawezi kukaa wala kushika shingo vizuri, anabebwa.

Tukafika siku ya soko, watoto wamepigwa pasi, kila mmoja na kikapu na hela yake mkononi. Mama Naserian akakaa pembeni juu ya gunia na Lomayani mapajani, anatusubiri.

Nsia akaenda kwa muuza nyanya mmoja, mama mnene mwenye sauti, anaitwa Mama Happy. Akashika nyanya. Akageuza. Akakunja uso vizuri kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikaogopa.

"Punguza."

Mama Happy akamwangalia usoni, kisha akaangalia chini. Hakutaja bei. Akamimina fungu zima kwenye kikapu.

"Chukua mwanangu. Mungu akusaidie. Nenda, nenda."

Nsia akashangaa. Hili hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Akanyoosha hela yake.

"Punguza."

"Bure, mama, bure!"

"Punguza!"

Watu wakaanza kucheka. Nsia kuona anachekwa akatoa nyanya moja moja kwenye kikapu, akazirudisha mezani huku machozi yanamtoka. Huku nyuma, wenzake nao wanashindiliwa ndizi na maparachichi, hakuna hata mmoja aliyepokelewa hela yake. Mzee mmoja akapita, akadondosha sarafu kwenye mapaja ya Lomayani. Wa nyuma yake naye akadondosha.

Hapo nikaelewa tumeonekanaje. Tulikuja kununua. Soko limeona ombaomba wapya.

Wakuu, nimewahi kugombana kwa sababu nimepunjwa. Sijawahi kugombana kwa sababu nimezidishiwa. Siku hiyo niligombana. Nikabeba vikapu, nikaanza kurudisha meza kwa meza. Ndizi zako hizi, dada. Parachichi lako hili, kaka. Sisi tuna hela, tuuzieni.

"Unarudisha sadaka? Hiyo laana, baba!"

"Mimi sijaomba."

"Mangi huyo, muacheni," akadakia kijana wa vitunguu. "Mchaga hata sadaka lazima ailalie bei kwanza!"

Soko zima likaangua kicheko. Na kusema ukweli, ile ilikuwa nzuri. Siku nyingine ningecheka.

Akaja mzee mmoja aliyejipa cheo cha kusimamia upande ule, na fimbo yake. Akasema tunaharibu biashara, tumeleta mkusanyiko.

"Mkusanyiko ndio soko lenyewe, mzee wangu. Ukikosa mkusanyiko hapa utakuwa unasimamia uwanja wa mpira."

Hakucheka. Akanyoosha fimbo kwenye njia ya kuingilia. "Kaeni pale kwenye kivuli basi. Watu wakipita watawaona, watawasaidia."

Pale kwenye kivuli ndipo walipokuwa wanakaa wanaoomba. Mzee hakuwa na ubaya, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anatutafutia sehemu nzuri.

Tukaondoka. Njiani mimi najiona shujaa, mpaka mama mmoja wa kikundi akanigeukia.

"Baba Nsia, wewe una meza mjini. Mwenzio zile ndizi zilikuwa chakula cha usiku. Umerudisha na za kwangu."

Alikuwa na haki. Nimerudisha mali ya watu bila kuwauliza, kwa heshima yangu mimi.

Jumamosi ikawa kikao badala ya mazoezi. Nusu wanasema tusirudi kule tena, nusu wanasema turudi na tukipewa tupokee, shida ziko palepale. Nikaomba radhi kwa yule mama, nikakaa karibu na ndoo yangu ya maji.

Ndipo Mama Naserian akasimama, Lomayani mgongoni. Si mtu wa vikao.

"Mimi nilikuwa na wateja wa maziwa pale. Huyu alipozaliwa, nikaenda naye sokoni. Wakaanza kuruka meza yangu. Wanasema maziwa ya mama huyu yana mkosi. Nikaanza kumfungia ndani nikienda kuuza, ndio wakarudi kidogo. Juzi watu walewale ndio wamemwekea sarafu."

Akamsogeza mtoto mgongoni.

"Maziwa yangu hawanunui, sarafu wananipa. Sasa mimi nasema, kama wana hela wanunue maziwa. Alhamisi narudi. Na huyu narudi naye. Asiyetaka kwenda abaki na uji."

Hapo kikao kikafungwa bila kura.

Tukakubaliana mambo mawili. Maziwa ya uji wa kikundi yatatoka kwa Mama Naserian, si kwingine. Na sokoni tutakwenda kila siku ya soko, kununua tu. Mzazi mwenye shida ya chakula aseme kwenye kikundi, tutachangiana humohumo, bila mtoto kutangulizwa mbele kama bango.

Tukarudi. Wakatupa vya bure, tukakataa kwa adabu. Tukarudi tena. Yule mzee wa fimbo akaniita pembeni, akaniuliza tuna kibali gani. Nikamuuliza wale wanunuzi wengine wana kibali gani, ili nasi tukakichukue hapohapo. Akasema ataangalia. Mpaka leo anaangalia.

Mama Naserian akapanga maziwa yake, na Lomayani kwenye kiti chake cha mbao pembeni ya meza, amefungwa shuka kifuani asianguke, anaangalia watu. Mwanzoni wateja wake tulikuwa sisi wenyewe. Nilikunywa maziwa mengi kipindi kile kuliko nilivyonyonya utotoni.

Kilichotusaidia, naamini, si huruma. Walituchoka. Mtu ukimuona kila siku ya soko, huruma inaisha, anakuwa kero kama watu wengine. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Sasa siku yenyewe.

Nsia kafika kwa Mama Happy kama kawaida. Mimi nimejibanza nyuma ya lundo la kabichi, Mwalimu alikuwa amenikataza kuonekana. Nsia akashika nyanya, akaminya. Akachukua nyingine, akaminya. Ya tatu akainusa.

Mama Happy uvumilivu ukamwisha.

"We mtoto! Acha kunibondea nyanya zangu! Unanunua au hununui?"

Wakuu, nilitaka kutoka nyuma ya kabichi nikamkumbatie yule mama. Hakuna aliyewahi kumfokea mwanangu kwa kosa la kawaida.

"Punguza."

Mama Happy akataja bei. Ilikuwa bei ya wizi, ya kumuuzia mtalii aliyepotea. Nikauma kidole.

"Punguza."

"Sipunguzi! Mvua imeharibu nyanya, unataka nikupe kwa hasara?"

Nsia akamwangalia. Akaweka nyanya chini. Akageuka, akaondoka.

Na kama mnavyomjua, akaondoka kweli. Akapita vitunguu. Akapita maharage. Mimi roho mkononi, namuona anaelekea upande wa mbuzi, ambako akiingia kumpata ni shughuli. Nikitoka kumfuata nimeharibu, nisipotoka nimempoteza. Nimeshainua mguu nikasikia ile sauti ya Mama Happy, soko zima lilisikia:

"We binti! Rudi! Rudi bwana, njoo tuelewane!"

Nsia akasimama.

Miaka yote niliyotembea na mwanangu, nilizoea kusikia mtoeni, mpelekeni pale, nenda mama nenda. Hii ilikuwa mara ya kwanza mtu baki anamwita arudi, kwa sababu anaitaka hela yake kama ya mtu mwingine yeyote.

Akageuka. Akarudi polepole, hana haraka, kama mama mwenye nyumba. Wakaelewana. Bei ikashuka, akapewa na nyongeza, akahesabiwa chenji mkononi. Yule kijana wa vitunguu akapiga mluzi. "Mtoto wa Mangi huyo, mtamjua mwaka huu!"

Nyumbani nikahesabu nyanya, mara mbili. Kati yake kulikuwa na moja mbovu, ya kufichwa chini ya fungu, upande mzuri juu.

Mke wangu akanikuta nimeishika nacheka peke yangu. Ndivyo Mama Happy alivyokuwa anawauzia wote.

Nikataka kuitupa, Nsia akaninyang'anya. Siku ya soko iliyofuata aliibeba kwenye mfuko, imeshalegea na kunuka, hairuhusu mtu kusogea. Akaiweka mezani kwa Mama Happy mbele ya wateja.

"Mbovu."

Mama Happy akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akambadilishia.

Nsia sasa ni mtu mzima. Ndiye anayenunua mboga za nyumba hii, na kuna wauzaji wakimuona wanaanza kupanga mafungu upya. Mama Naserian alipata wateja wake, si wote, na waliobaki walizoea kumsalimia Lomayani kabla ya kumsalimia mama yake. Sitawadanganya kwamba soko lote lilibadilika. Kuna waliokufa na huruma yao.

Nilichojifunza ni hiki. Mpokea sadaka ukishampa humuulizi kitu, anatakiwa aondoke. Mteja unamfokea, unamdanganya, unamwita arudi, kesho unamkumbuka. Mimi nilitaka mwanangu akumbukwe. Na usirudishe ndizi za mwenzio bila kumuuliza, hilo nalo nilijifunza, kwa aibu.

Kwa hiyo mdau wa juzi, yule mama hakukutukana. Siku nyingine muulize mtoto anauza nini au ananunua nini, muanzie hapo.

Wenye watoto kama hawa, mko wapi, na vikundi vyenu vinafanya nini? Tupeane maarifa. Wanaosema naringa nao waje, nipo hapa nawasubiri. Pole tu ndiyo msiniletee. Ukiwa nayo ya ziada, panda kule juu njia ya Ngaramtoni siku ya soko, ulizia maziwa ya Mama Naserian, na ulipe bei kamili.